Alexander Fleming: munganga aliyetafuta dawa ndani ya machozi na mayai, kabla ya penisilini

Jina la Alexander Fleming linajulikana na kila aliyepita shule ya uuguzi, na mara nyingi linafuatwa na kisa kimoja tu: sahani iliyosahauliwa mezani, ukungu ukaota juu yake, penisilini ikazaliwa. Kisa hicho ni cha kweli. Lakini kilitokea mwaka 1928, Fleming akiwa tayari na miaka 47. Kwa karibu miaka saba kabla ya hapo, munganga huyo alikuwa akishughulika na jambo lingine ambalo leo watu wachache wanalikumbuka. Alikuwa akipima machozi ya watu, mate, kamasi, nyama ya sungura, ute mweupe wa mayai ya kuku na mayai ya samaki, ili ajue ni nani kati ya viumbe mwenye dawa kali zaidi ya kuua mikrobe ndani ya mwili wake mwenyewe. Na bila kazi hiyo ya machozi, huenda penisilini ingebaki kwenye karatasi.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 kwenye shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, huko Scotland. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima aliyeoa mara ya pili akiwa mzee, na alikufa mtoto huyu akiwa na miaka saba. Mama, Grace, alibaki na shamba, kondoo, na watoto wa nyumba mbili. Watoto walitembea kwa miguu hadi shuleni katika baridi na mvua. Baadaye Fleming alipenda kueleza kwamba macho yake ya kutazama vitu vidogo aliyapata huko shambani.

Akiwa na miaka 13 alitumwa London, kwa kaka yake Tom aliyekuwa munganga. Alisoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani miaka minne kwenye ofisi ya kampuni ya meli. Kazi hiyo haikumpendeza. Kunako mwaka 1901, mjomba wake alikufa na kumwachia pesa kiasi, ndipo Tom akamshauri aingie masomo ya tiba. London ilikuwa na shule nyingi za tiba. Fleming alichagua ile ya hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington, kwa sababu aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu yao!

Na hata kuingia kwake katika maabara kulitokana na mchezo. Alipomaliza masomo mwaka 1906, wenzake wa kikundi cha kulenga shabaha kwa bunduki hawakutaka kumpoteza mpigaji wao mzuri. Walimtafutia nafasi papo hapo hospitalini, chini ya profesa Almroth Wright, mtu aliyejulikana kwa chanjo ya homa ya matumbo. Fleming hakutoka tena St Mary's, ila wakati wa vita.

Wright alikuwa na imani moja kubwa: kazi ya munganga ni kusaidia mwili ujipiganie wenyewe. Dawa za kemikali hakuziamini sana. Fleming, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliisikiliza imani hiyo kila siku wakati wa chai ya usiku katika maabara. Haikupita muda mrefu akaiona kwa macho yake.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, Wright na vijana wake walitumwa Boulogne, kwenye pwani ya Ufaransa, na maabara yao ikawekwa ndani ya jumba la kasino. Majeruhi walifika na vidonda vilivyojaa udongo, vipande vya nguo na usaha. Waganga wa upasuaji walimwaga ndani yake dawa kali za kuua mikrobe, kama walivyofundishwa. Askari waliendelea kufa. Fleming alitengeneza kidonda cha bandia kwa kioo: bomba ambalo alilichoma motoni akalivuta hadi likawa na vijipembe vyembamba kama miiba, mfano wa mashimo yanayoachwa na kipande cha bomu katika nyama. Alilijaza maji yenye mikrobe, akalimwaga, akalijaza dawa, akaimwaga, akapima. Mikrobe zilibaki hai ndani ya vijipembe, mahali dawa haikufika. Katika damu aliona mabaya zaidi, kwa maana dawa hizo ziliua chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, haraka kuliko zilivyoua adui.

Alirudi London na swali ambalo halikumtoka kichwani. Je, kuna kitu kinachoua mikrobe bila kumuumiza mgonjwa?

Jibu la kwanza lilitoka puani mwake. Mwezi wa Novemba 1921, akiwa na mafua, alichukua kamasi yake mwenyewe akaiweka kwenye sahani ya kuoteshea mikrobe. Mikrobe za rangi ya manjano ziliota kwenye sahani hiyo, ila karibu na kamasi ziliyeyuka na kuwa kama kioo. Alichanganya mikrobe hizo na maji kwenye chupa ndogo hadi yakawa mazito kama maziwa, akadondosha kamasi kidogo. Kwa muda mfupi sana maji yakawa meupe, yanaonekana hadi upande wa pili. Mtu mwingine angeosha chupa na kwenda kunywa chai. Yeye aliita kijana aliyefanya naye kazi, V. D. Allison, na wote wawili wakaanza kujaribu kila kitu kilichotoka katika mwili wa mtu na wa mnyama.

Machozi yalikuwa na nguvu kubwa. Ili kuyapata, walikata malimau na kukamulia maji yake karibu na macho: yao wenyewe, ya wanafunzi, ya wageni waliopita maabarani. Vijana wa kazi walipewa sarafu chache kwa kila mchango wa machozi. Gazeti la hospitali lilichora kibonzo cha watoto wanaochapwa ili machozi yao yakusanywe. Watu walicheka, na machozi yaliendelea kupimwa.

Mate yalikuwa nayo pia, ingawa kidogo. Chembe nyeupe za damu zilikuwa nayo, na hata kucha na nywele. Walipotoka kwa mtu wakaenda kwa wanyama, waliona kwamba dawa ile ipo karibu kila mahali, lakini haijagawanywa sawa. Nyama za sungura zilikuwa nayo sehemu mbalimbali za mwili. Mayai ya samaki yalikuwa nayo. Hata baadhi ya mboga za mizizi zilionyesha dalili. Aliyewashinda wengi ni kuku: ute mweupe wa yai ulikuwa na nguvu ya kushangaza. Ukifikiri vizuri, ni jambo lenye maana. Yai linakaa siku 21 chini ya kuku, katika joto linalopendwa na mikrobe, likiwa na chakula tele ndani na ganda lenye matundu madogo yasiyohesabika. Bila ulinzi, lingeoza kabla ya kifaranga kupata mdomo.

Wright, aliyependa sana maneno ya Kigiriki, alikipa kitu hicho jina: lizozimu, yaani kimeng'enya kinachoyeyusha. Leo tunajua namna kinavyofanya kazi. Mikrobe nyingi zina ukuta unaozizunguka, uliofumwa kwa nyuzi za sukari zilizoshikana. Lizozimu hukata nyuzi hizo. Ukuta ukikatika, maji huingia ndani kwa nguvu na mikrobe hupasuka kama puto.

Mwezi wa Desemba 1921 Fleming alisimama mbele ya wataalamu wenzake wa London kueleza ugunduzi huo. Alizungumza kwa sauti ndogo, bila mbwembwe, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alipomaliza hakuna aliyeuliza swali hata moja. Mwaka uliofuata makala yake ilitoka katika jarida la Royal Society, na watu walinyamaza vilevile.

Sababu ya ukimya huo haikuwa sauti yake tu. Lizozimu iliyeyusha vizuri mikrobe zisizo na madhara. Zile zinazoleta homa ya mapafu, usaha na sumu ya damu, iliziathiri kidogo au haikuzigusa. Waganga walitaka dawa ya kuponya, na hiyo haikuponya mtu. Fleming aliligeuza jambo hilo upande wa pili: mikrobe zinazotuletea magonjwa, alieleza, ni zile hasa ambazo zimeweza kuipita lizozimu. Zilizoshindwa kuipita hazituletei shida, kwa hiyo hatuzisikii. Kwa maoni yangu, wazo hilo moja lina uzito kuliko nusu ya yaliyoandikwa juu ya sahani ya ukungu.

Hakuishia hapo. Mwaka 1927, yeye na Allison walichapisha kazi nyingine: walikuwa wameotesha mikrobe mara kwa mara pamoja na lizozimu, na zile zilizobaki hai zilizaa kizazi kisichoogopa tena. Yaani mwaka mmoja kabla ya penisilini, Fleming alikuwa ameshaona katika chupa zake namna adui anavyojifunza kuishi na silaha. Jambo hilo alilikumbuka baadaye, mbele ya dunia nzima.

Kisha ikaja Septemba 1928. Fleming alirudi kutoka likizo, akaanza kupanga sahani alizoziacha mezani, zenye mikrobe aina ya stafilokoki, zile za majipu. Kwenye moja ukungu ulikuwa umeota, na kuuzunguka mikrobe zimeyeyuka. Watu husema ni bahati. Bahati ilikuwepo, lakini jicho lililoitazama sahani ile lilikuwa limeona kitu kama hicho miaka saba iliyopita, karibu na kamasi. Alijua vema sura ya mikrobe zinazoyeyuka, na kwa hiyo hakuitupa.

Juisi ya ukungu ule aliiita penisilini. Hiyo haikukata ukuta uliokwisha jengwa kama lizozimu inavyofanya. Kama tunavyojua leo, inamzuia fundi asiujenge, na mikrobe inapokua inajikuta haina ukuta. Tofauti nyingine ni kwamba iliua mikrobe za magonjwa yenyewe, bila kuumiza chembe nyeupe za damu. Fleming aliichapisha mwaka 1929, akaieleza mbele ya wataalamu walewale, na kwa mara ya pili hakuulizwa kitu. Yeye na wasaidizi wake walijaribu kuisafisha, ikawashinda, maana iliharibika upesi. Alikuwa mtu wa mikrobe, na kazi hiyo ilihitaji watu wa kemia. Mwaka 1932, alipopewa heshima ya kutoa hotuba kama mwenyekiti wa kundi la wataalamu wa magonjwa, hakuchagua kusema juu ya penisilini. Alisema juu ya lizozimu.

Hapa ndipo machozi yanarudi. Katika chuo kikuu cha Oxford, profesa Howard Florey, mzaliwa wa Australia, alikuwa amevutiwa na lizozimu kwa miaka kadhaa. Alitaka kujua kama ndiyo inayolinda tumbo na utumbo. Alimwajiri Ernst Chain, mtaalamu wa kemia, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, na moja ya kazi alizompa ni kufahamu lizozimu inakata nini hasa. Lizozimu ilisafishwa huko Oxford mwaka 1937. Kazi ilipokaribia mwisho, Chain alianza kusoma makala za zamani akitafuta vitu vingine vya asili vinavyoua mikrobe. Akifuata njia hiyo ya lizozimu, alikutana na makala ya mwaka 1929 juu ya ukungu, ya Fleming yuleyule.

Watu wa Oxford walifaulu pale St Mary's ilipokwama. Tarehe 25 Mei 1940 walichoma panya wanane sindano ya mikrobe za kuua. Wanne walipewa penisilini, na hao walipona. Wanne wengine walikufa usiku uleule. Matokeo yalitoka katika jarida The Lancet mwezi wa Agosti. Fleming alisoma, akapiga simu kwamba anakuja kuona. Inasimuliwa kwamba Chain alishangaa sana: alidhani mtu huyo amekwisha kufa.

Mwezi wa pili 1941 polisi mmoja wa Oxford, ambaye uso wake ulikuwa umeliwa na usaha, alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa penisilini hiyo. Alianza kupona. Dawa ilikuwa kidogo mno, hata waliikusanya tena kutoka katika mkojo wake ili wamrudishie. Ilipokwisha, mikrobe zilirudi, na akafa mwezi wa tatu. Mwaka uliofuata Fleming mwenyewe aliomba dawa hiyo kwa Florey, akamponya London mgonjwa mwenye ugonjwa wa utando wa ubongo, kwa kuichoma hadi katika uti wa mgongo. Magazeti yalisikia. Wright, mzee sasa, aliandikia gazeti The Times kwamba sifa ni za Fleming. Florey hakupenda waandishi wa habari na aliwafungia mlango, lakini Fleming aliwafungulia. Ndivyo dunia ilivyomjua mmoja na kuwasahau wengine, na uchungu wa Oxford juu ya jambo hilo haukuisha upesi.

Mwaka 1944 mfalme alimpa cheo cha heshima, na mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa pamoja Tuzo la Nobel la tiba. Katika hotuba yake Stockholm, Fleming alitoa onyo. Alieleza kwamba siku itafika ambapo mtu yeyote ataweza kununua penisilini dukani, atameza kidogo kuliko inavyotakiwa, na mikrobe zake hazitakufa, ila zitafundishwa kuvumilia. Kisha alisimulia mfano wa mume anayejitibu nusunusu koo linapomuuma, halafu anamwambukiza mke wake mikrobe ambazo hazisikii tena dawa, na mke anakufa.

Hakuhitaji kubahatisha, kwa maana alikuwa ameliona jambo hilo na lizozimu tangu mwaka 1927. Na sisi hatuhitaji kwenda mbali kuutafuta mfano wake. Mtu anayefika kwenye kijiduka cha dawa na kununua vidonge vinne vya amoksisilini, kwa sababu pesa za kununua dozi nzima hazikupatikana, yumo katika hotuba ile. Tusimwite mjinga. Mara nyingi anajua kabisa kwamba vinne havitoshi.

Mke wa Fleming, Sarah, muuguzi kutoka Ireland aliyemzalia mtoto mmoja wa kiume, alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alioa tena, Amalia, munganga Mgiriki aliyefanya naye kazi. Tarehe 11 Machi 1955 moyo wake ulisimama, akiwa nyumbani kwake London, na miaka 73. Alizikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Wakati huo tayari stafilokoki nyingi katika hospitali za Uingereza zilikuwa zinaivunja penisilini.

Je, yale machozi yaliishia wapi? Miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka 1965, lizozimu ya yai la kuku ilikuwa kimeng'enya cha kwanza duniani kujulikana umbo lake lote, kwa kutumia miale ya eksirei. Ya kuku ina viungo 129 vilivyopangwa kama shanga, ya mtu ina 130, na zinafanana kwa sehemu kubwa. Maziwa ya mama yana lizozimu nyingi mno kuliko maziwa ya ng'ombe, ambayo karibu hayana. Lakini ng'ombe huyohuyo ana lizozimu tele tumboni, iliyogeuzwa kazi: huyeyusha mikrobe zilizochachusha majani, ili naye azile. Nyani jamii ya mbega, wanaokula majani katika misitu yetu, wana tumbo la namna hiyohiyo, na lizozimu yao imebadilika kufanana na ya ng'ombe ingawa hawana undugu wa karibu.

Na nyuma ya lizozimu walikuja wadogo zake, peptidi, vipande vifupi zaidi vya protini ambavyo hutoboa ngozi ya mikrobe. Mwaka 1981 wataalamu wa Sweden walivipata katika nondo mkubwa, mdudu asiye na chembe za kutengeneza kingamwili kama sisi. Mwaka 1985 Wamarekani walivieleza katika chembe nyeupe za damu ya mtu, baada ya kuviona kwa sungura. Mwaka 1987 Michael Zasloff, naye Marekani, alijiuliza kwa nini vyura wake waliotoka Afrika ya Kusini walipona vidonda vya upasuaji ndani ya maji machafu, bila usaha. Ngozi yao ilikuwa na peptidi mbili zenye viungo 23 kila moja. Aliziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa mfano wa ngao hiyo, ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, ilikataliwa na serikali ya Marekani mwaka 1999, kwa sababu haikuonyeshwa kuwa bora kuliko zile zilizokuwepo. Utafiti unaendelea, mnyama kwa mnyama, kama Allison na Fleming walivyoanza na malimau yao.

Kuna jambo lingine walilogundua wataalamu katika karne hii. Stafilokoki, mikrobe ileile iliyokuwa kwenye sahani ya mwaka 1928, huongeza kitu kidogo juu ya nyuzi za ukuta wake, na kwa sababu hiyo lizozimu haipati mahali pa kukata. Ndiyo maana machozi ya Fleming hayakuiweza.